Hedifoni za Wazi Alizompa Shangazi

Ukitaka kumwona Sikio akitazama viatu vyake, muulize habari za nyumbani. Atasema "nzuri", na hapo maongezi yatakuwa yamekwisha. Lakini muulize kuhusu hedifoni, hasa tofauti ya zile za wazi na zile za kufunga, na kama una haraka utajuta.

Alikuwa fundi wa kurekodi, mwanamume wa miaka arobaini na saba, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka kooni hata siku za joto. Shule aliishia ya msingi. Baada ya hapo alitengeneza redio za watu barazani, na kutoka kwenye redio akaingia kwenye studio, akakaa humo miaka ishirini. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la magodoro, na mwenye duka ndiye mwenye studio. Godoro likichanika halikutupwa. Lilipigiliwa ukutani kuzuia mwangwi. Chumba kiligawanywa kwa ukuta wenye dirisha la kioo kizito. Upande mmoja alisimama mwimbaji na maiki, upande wa pili alikaa Sikio na kompyuta yake. Feni ilizimwa kila kurekodi kulipoanza, kwa hiyo kila aliyeimba pale alitoka amelowa kama aliyenyeshewa.

Hedifoni zilikuwa jozi mbili. Za kufunga zilikuwa nyeusi, mgongo wake plastiki nzima, na mito yake minene ilishika masikio kama viganja vya mtu. Za wazi alizipata kwa kiongozi wa bendi mmoja aliyehama mji. Hizo mgongo wake ulikuwa wavu wa chuma, matundu madogo madogo kama ya chujio la chai. Hewa huingia, sauti hutoka.

Asubuhi, kabla wateja hawajafika, Sikio aliweka wimbo mmoja akausikiliza kwa hizi, kisha kwa zile, kisha akarudia. Hakuna aliyemtuma. Aligundua kwamba rumba katika hedifoni za wazi, magitaa matatu yanakaa kila moja kwenye kiti chake. Katika za kufunga yanabanana benchi moja na la katikati ndilo linaloumia. Rege ilikuwa kinyume. Ndani ya za kufunga besi inagonga kifua kama mgeni anayeujua mlango, lakini ndani ya za wazi inatoroka kupitia kwenye matundu, ukabaki na gitaa linalokatakata peke yake. Muziki wa vijana wa kufoka nao aliupeleka kwenye za kufunga, maana kwenye za wazi kijana alionekana kama anamfokea jirani. Na kwaya, hapo ndipo Sikio alipokuwa akisahau chai yake. Ndani ya za kufunga, kwaya ni watu thelathini waliofungiwa kabatini. Ukivaa za wazi kabati linafunguliwa, watu wanajipanga, unajua kabisa kwamba sauti ya nne imesimama nyuma kulia, na kwamba kuna mama mmoja mbele anayevuta pumzi mapema kuliko wenzake.

"Wewe Sikio ungeoa hedifoni," mwalimu wa kwaya alimwambia siku moja. Mwalimu huyo waliitana naye kwa majina ya utani. Yeye aliitwa Kijiti, kwa kuwa aliongoza kwaya kwa penseli.

"Nimeshaoa," Sikio akasema.

"Najua. Ndiyo maana namwonea huruma shemeji."

Yule mama wa mbele anayevuta pumzi mapema alikuwa shangazi yake Sikio, dada wa baba yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka tisa, mama yake alipofariki. Alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule. Sikio alikua chini ya meza ya cherehani ile, juu kukiwa na sauti mbili, ya mashine na ya shangazi, na hata leo hawezi kusikia cherehani bila kungoja wimbo uanze. Kwenye kwaya ya kanisa shangazi aliimba sauti ya kwanza miaka thelathini, na palipokuwa na sehemu ya mtu mmoja, haikuulizwa ni ya nani.

Mwaka huo alitokewa na uvimbe shingoni. Alianza kuuficha kwa mtandio, kisha mtandio ukawa hautoshi. Daktari akampangia upasuaji siku ya Jumatatu. Sauti ya kuongea itarudi, alimwambia. Ya kuimba, hakutaka kumpa ahadi.

"Basi nataka kurekodi nyimbo nne kabla ya hapo," shangazi alimwambia Sikio. "Kijiti anipigie kinanda. Nikirudi nimekuwa bubu wa nyimbo, angalau zipo."

"Njoo Alhamisi, shangazi. Nitafunga studio, asiingie mtu mwingine."

Kijiti alikuja siku ya Jumatano, akapiga kinanda cha nyimbo zote nne, Sikio akakirekodi, akaweka pia ule mlio wa kuhesabia mapigo, tik, tik, tik, ili shangazi asipotee pale kinanda kinaponyamaza. Alhamisi shangazi akaja peke yake, mkoba mkononi, mtandio shingoni. Sikio akamvalisha hedifoni za kufunga, kama anavyovalishwa kila mwimbaji, akafunga mlango, akaenda upande wake wa kioo.

Shangazi aliimba mistari miwili akanyamaza.

"Baba," alisema kwenye maiki, "umenitia kichwa kwenye ndoo."

"Nipunguze kinanda?"

"Punguza, ongeza, ndoo ni ndoo. Sijisikii mwenyewe."

Sikio alijaribu. Alipunguza kinanda, akamwongezea sauti yake mwenyewe masikioni, akamwambia asogee nyuma. Sauti ya shangazi ilitoka imekunja uso, inashuka chini ya noti kidogo, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Baada ya nusu saa alianza kukohoa.

Hapo ndipo Sikio alipofanya lile jambo. Si kwamba hakujua. Kijana aliyeanza kazi juzi angejua. Lakini tangu apate zile hedifoni za wazi hakuna mtu wa kwao aliyewahi kumwelewa. Mke wake alizivaa mara moja akasema zinasikika kama redio ya jirani. Sasa hapa alikuwa shangazi, mwenye masikio kuliko watu wote anaowajua, anateseka ndani ya ndoo, na dawa iko kwenye sanduku.

"Ngoja, shangazi. Jaribu hizi."

Shangazi alizivaa. Akasema neno moja, akalisikiliza. Akasema tena. Uso wake ukafunguka.

"Ee," alisema. "Sasa niko chumbani. Najisikia mpaka ukutani."

"Si ndiyo?" Sikio akasema, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu akacheka kwa meno.

"Niongezee kinanda basi. Koo linanichosha, nataka pa kuegemea."

Akamwongezea. Akamwongezea tena. Shangazi akaimba nyimbo zote nne, moja baada ya nyingine, bila kurudia hata mstari. Kwenye wa tatu, pale sauti inapopanda peke yake na kinanda kinanyamaza, Sikio alishika ukingo wa meza. Alikuwa amevaa zile za kufunga, kinanda na mlio wa mapigo vinamwingia masikioni, na juu yake ile sauti. Alilia, akashukuru kwamba kioo kilikuwa na vumbi.

Alimsindikiza shangazi mpaka barabarani, akarudi, akazima mitambo bila kusikiliza tena. Alitaka kukaa nayo kichwani ilivyo.

Ijumaa asubuhi Kijiti alikuja kusikiliza. Sikio akaiweka sauti ya shangazi peke yake kwenye spika kubwa, bila kinanda, ili mwenzake aisikie ilivyo uchi.

Haukupita mstari mmoja, Sikio akaelewa. Nyuma ya sauti, kila shangazi alipovuta pumzi, kulikuwa na kinanda kidogo chembamba kama nyuki ndani ya kopo. Na juu ya kinanda, tik, tik, tik. Vyote vilikuwa vimetoka kwenye matundu ya zile hedifoni, vikaingia kwenye maiki iliyokuwa shibiri moja kutoka mdomoni kwake. Jana hakuvisikia kwa sababu kinanda hicho hicho na mlio huo huo vilikuwa vikipigwa masikioni mwake. Kadiri alivyomwongezea shangazi, ndivyo alivyozidi kuiharibu kazi. Kinanda kingeweza kufunikwa na kinanda. Tik haifunikwi na kitu.

Kijiti aliinamisha kichwa. Alikuwa hodari wa noti, lakini mambo ya maiki na waya hakuyajua.

"Mbona ina mikwaruzo?" aliuliza. "Na kama ina ukungu hivi. Haikuwa hivi zamani."

Sikio alishusha sauti ya spika.

"Ni ule uvimbe, siyo? Ndiyo umefika huko?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema maneno manne: hapana, ni kosa langu. Sikio aliyaona. Aliona pia uso wa Kijiti utakavyokuwa, na mwenye duka atakavyosikia, na watu wote walioleta nyimbo zao kwake kwa sababu anaitwa Sikio. Akatazama viatu vyake.

"Inawezekana," alisema.

Kijiti alichomeka penseli yake mfukoni. "Masikini mama," alisema. "Basi itabidi nimwambie mwenyewe. Asije akasimama mbele za watu Jumapili akaaibika."

Akaenda. Sikio hakumwita.

Mchana wote wa Ijumaa alikuwa kwenye kompyuta, akizikata zile tik moja moja. Kila aliyoikata iliondoka na kitu: mwisho wa neno, au ile pumzi ya mapema. Ilipofika jioni wimbo wa tatu ulikuwa hauna mikwaruzo, lakini aliyekuwa akiimba hakuwa shangazi tena, alikuwa mtu aliyefunzwa kuongea upya. Akaurudisha ulivyokuwa, akaenda nyumbani, hakula.

"Nani amekufa?" mke wake alimuuliza.

"Hakuna."

"Basi uambie uso wako."

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa shangazi. Kutoka nje alisikia cherehani. Alisimama mlangoni akingoja, kama anavyongoja siku zote, na wimbo haukuja. Cherehani ilikwenda, ikasimama, ikaenda.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Sogeza hizo kaptula ukae."

Alisogeza kaptula, akakaa. Shangazi hakuacha kushona.

"Kijiti alikuja jana," alisema. "Alizunguka weee, akaongea mvua, akaongea bei ya bati, nikamwambia mwanangu, sema kilichokuleta. Akasema." Aligeuza kitambaa. "Usijilaumu wewe. Ulihangaika na mimi siku nzima."

Sikio alikunja kaptula moja, akaikunjua.

"Unajua kinachoniuma? Si kwamba sauti imekwisha. Vitu vinakwisha. Ni kwamba mimi Alhamisi nilitoka kwako nikidhani nimeimba vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Nilitembea mpaka hapa kwa miguu, sikupanda gari, kwa furaha. Kumbe." Cherehani ikasimama. Akamgeukia. "Sasa niambie ukweli, wewe una sikio. Imeanza lini? Mwaka jana nilikuwa hivi? Watu wamekaa wananivumilia tu, bibi mzima nasimama mbele nakwaruza, wananionea haya?"

Sikio alihisi joto likimpanda kutoka shingoni mpaka kwenye masikio yenyewe. Ile aibu aliyoikimbia jana mbele ya Kijiti, alikuwa amemvika mwanamke huyu, naye ameipokea, ameivaa, anaikagua mishono.

"Si wewe," alisema.

"Nini?"

"Si sauti yako, shangazi. Ni mimi." Akaeleza, akitazama sakafu na vipande vya nyuzi: matundu, maiki, kinanda kilichotoka, mlio wa mapigo. Alieleza vibaya, akarudia nyuma, akaeleza tena. "Hedifoni zile ni za kusikilizia. Haziingii chumba cha maiki. Nilijua. Nilitaka tu uzisikie."

Shangazi alikata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo mikwaruzo ile si koo."

"Si koo. Uliimba sijapata kusikia."

"Na ulilijua hili lini?"

"Jana asubuhi."

"Kabla Kijiti hajaja kwangu."

"Kabla."

"Ukamwacha aje."

Sikio alitikisa kichwa kukubali. Shangazi alimtazama muda mrefu, na si kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Alimtazama kama anavyotazama sare aliyoipima vizuri na bado imetoka imepinda.

"Jana nimekaa hapa najizika mwenyewe," alisema. "Haya. Mazoezi ya kwaya ni saa tisa. Twende wote, ukawaambie."

"Nitamwambia Kijiti, yeye atawa—"

"Kijiti ana mdomo wake, alikuja nao hapa jana. Leo nataka wako."

Ukumbi wa mazoezi ulikuwa na mabenchi sita na watu thelathini, na habari ya koo la shangazi ilikuwa imeshaenea. Walipoingia, watu walisimama kumpisha kama anayebeba maji ya moto. Sikio alisimama mbele karibu na kinanda. Katika maisha yake hakuwa amesimama mbele ya watu zaidi ya siku ya harusi yake, na siku hiyo alijibiwa na mpambe.

Alianza kuongea.

"Sauti, fundi," mtu wa nyuma alisema. "Hapa hatujavaa hedifoni."

Wakacheka. Sikio akangoja wamalize, akaanza upya. Alisema kwamba rekodi imeharibika kwa kosa lake, kwamba alimpa mwimbaji hedifoni za wazi mbele ya maiki, kwamba mikwaruzo haikuwa koo la shangazi bali mlio wa mashine.

"Ngoja nielewe," alisema mama mmoja wa sauti ya pili, muuza nyanya. "Hedifoni zina matundu?"

"Zina matundu."

"Na ukaziweka mbele ya kitu kinachonasa sauti?"

"Ndiyo."

"Hata mimi na nyanya zangu ningeshtuka."

Walicheka tena, na Sikio angependa waendelee kucheka, maana Kijiti hakucheka. Alikuwa ameweka penseli juu ya kinanda.

"Nilikuuliza," Kijiti alisema. "Nilikuuliza ni uvimbe, ukasema inawezekana."

"Nilisema."

"Mimi nikaenda kwa mama wa watu, nikamwambia amekwisha. Kwa mdomo huu."

"Nisamehe, mwalimu. Niliona haya kusema."

"Haya," Kijiti akarudia, kama mtu anayeonja chakula kilichochacha. Hakusema amesamehe. Aliokota penseli akawaambia sauti ya kwanza wasimame.

Jumapili baada ya ibada walirudi studio, watatu tu. Safari hii shangazi hakuvaa hedifoni yoyote. Kijiti alikaa upande wa Sikio akiwa amevaa zile za kufunga, kinanda cha Jumatano kinasikika humo tu, wakampa shangazi noti ya kuanzia, kisha Kijiti akamwongoza kwa penseli kupitia kioo. Kioo Sikio alikuwa amekifuta mwenyewe asubuhi. Shangazi alifuata ile penseli bila kukosea pigo. Lakini usingizi wa siku mbili ulikuwa umempita, na koo lilikuwa limechoka kweli. Wimbo wa pili ulimkatikia juu, wakaurudia mara tatu. Wa tatu, pale pa kupanda peke yake, alipanda kwa uangalifu, kama mtu anayepanda ngazi yenye daraja bovu. Alifika. Lakini Alhamisi hakupanda ngazi yoyote; Alhamisi alikuwa tu yuko juu.

Walipomaliza alikuja upande wao, akaketi kwenye kiti cha wageni, wakasikiliza. Hakukuwa na nyuki wala tik. Kazi safi.

"Hii ndiyo yenyewe," Kijiti alisema. "Mama, hii ni nzuri kupita ile." Akamtupia Sikio jicho la kumwambia aitikie.

Shangazi hakumtazama Kijiti. "Wewe je?" alimuuliza Sikio. "Ipi nzuri?"

Ilikuwa rahisi sana kusema ya leo. Ingekuwa hata huruma, kwa mtu anayelala hospitali kesho yake. Kijiti alimgusa mguu chini ya meza.

"Ya Alhamisi," Sikio alisema.

Kijiti alipumua kwa nguvu. Shangazi alifunga mtandio wake polepole.

"Hata mimi naona hivyo," alisema. "Hii wape kwaya. Ile niwekee mimi, usiikate chochote."

Sikio alimsindikiza, mkoba wake mkononi. Walipita mbele ya duka la magodoro lililofungwa, wakapita kona ya kwanza na ya pili. Sikio alikuwa na mambo mengi ya kusema na yote yalikuwa jambo moja, na alikuwa ameshalisema mara mbili, halikupungua. Walipofika mlangoni kwake shangazi alipokea mkoba.

"Kesho uje hospitali mapema," alisema. "Nikishapasuliwa daktari atataka ndugu wa kuongea naye. Nataka uwe wewe. Halafu nikiamka uniambie alivyosema, vile vile, usinipunguzie."

Sikio alisema atakuja. Alijilazimisha kulisema akimtazama usoni, na shangazi akamwacha amtazame mpaka alipomaliza, ndipo akafungua mlango.